Makalio Meusi ya Nguruwe wa Mtakatifu Antoni

Saa mbili asubuhi, Odile Peyrichout amepiga magoti nyuma ya nguruwe, lenzi jichoni, pua ikikaribia kugusa mkia.

Nguruwe mwenyewe ni wa mti. Yuko miguuni pa sanamu ya Mtakatifu Antoni katika kanisa dogo la Saint-Aubrin, huku Limousin, Ufaransa, tangu alipochongwa na kupakwa rangi karne ya kumi na tisa. Jumapili atabebwa mabegani kuzunguka kijiji, kama ilivyo desturi kila baada ya miaka saba, na kila mtu atampiga kofi la makalio kujitakia heri.

Makofi hayo ndiyo yanayompa Odile kazi. Fundi huyu wa sanamu za makanisa, mwenye umri wa miaka 58, huitwa kila mara kuufunika weusi unaojitokeza pale kwa rangi ya waridi.

"Wanasema ni uchafu wa mikono," anaeleza. "Baba yangu alipaka, nami nikapaka. Safari hii nikasema, hebu niangalie kwanza."

Alichokiona kimemfurahisha hadi anacheka peke yake. Weusi ule ni rangi ya mchongaji mwenyewe, unywele mmoja mmoja, kwa brashi nyembamba. Nguruwe alikuwa mweupe, makalio meusi, sawa na wale wa kienyeji wanaofugwa hapa mpaka leo.

Kikwazo ni Marcelle Chastaing, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho.

"Nimebatizwa mbele ya nguruwe wa waridi, Odile. Wewe paka, tumalize!"

"Njoo uangalie, shoga yangu. Ukiona uchafu, napaka leo leo."

Marcelle anainama huku akiguna, anachukua lenzi. Kisha mabega yanaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Yesu na Maria! Si nguruwe wa Firmin huyu?"

"Umesema mwenyewe."

Firmin Lacotte, mfugaji wa jirani, anaitwa. Anaingia na buti zake za zizini, anatazama, machozi yanamlengalenga.

"Miaka yote mnanicheka eti nguruwe wangu wachafu! Nimpige kofi moja?"

"Thubutu! Na mikono hiyo?" Odile anamfokea, na wote watatu wanaangua kicheko.

Marcelle amekubali: rangi ya waridi iondoke yote. Odile analowesha pamba kwa dawa ya kuondolea rangi na kurudi magotini.

"Namwomba Mtakatifu Antoni kitu kimoja tu," anasema. "Miaka saba ijayo, kijiji hiki kisiniite kupaka waridi."