Paa la Mkaratusi

Gogo lilipasuka lenyewe. Hakuna aliyelishika. Nilikuwa nimesimama karibu nalo kwenye kiwanja cha shangazi yangu Mwananyamala, ukatoka mlio kama wa bunduki, nami nikajikuta nimechutama nyuma ya rundo la udongo. Nilipoinua kichwa niliona ufa mpana kuliko kidole, umeanzia kwenye kiini cha mti ukafika kwenye gome, na ndani yake maji yanachuruzika.

Fundi seremala aliendelea kunoa msumeno.

"Linapumua tu," alisema. "Mti wa Mzungu huo. Hata ukifa unataka usikilizwe."

Mikaratusi ile serikali iliipanda bondeni ili ikaushe madimbwi ya mbu. Ilipokatwa kupisha barabara, magogo yakauzwa kwa bei rahisi, na shangazi, aliyekuwa amefiwa na mumewe, akayachukua. Mie nilikuwa nimetoka kumaliza chuo kikuu Uganda. Nilimuuliza fundi: mti unaonyonya bwawa zima, ukishakatwa maji yote hayo yanakwenda wapi?

"Yanarudi Ulaya," alisema, na wapasuaji mbao wakacheka. "Msomi, wewe umekuja kujenga au kuusomesha mti?"

Shangazi mwenyewe hakuwa amekiona kiwanja hata mara moja tangu kazi ianze. Alikuwa kwenye eda, amekaa ndani katika nyumba ya marehemu huko Temeke, na nyumba yake aliijenga kwa kuagiza kupitia pazia la mlango. Nilimuuliza baba kwa nini mwenye nyumba asiruhusiwe kuziona boriti zake. Baba akaniambia nipande baiskeli nimpelekee kipande cha ubao, kwa kuwa dada yake alitaka kukigusa.

Shangazi alikipokea, akakipitisha vidole, akakisogeza puani. Mjane wa eda hajitii manukato, na nadhani ilikuwa harufu ya kwanza nzuri kumfikia kwa muda mrefu. Alifumba macho.

"Nusa," aliniambia. "Si ndiyo majani yale tunayojifukizia mafua? Mti huu umejitia dawa wenyewe. Mdudu gani atakula dawa?"

"Majani ndiyo yana dawa, shangazi. Ubao sijui. Hasa huu mweupe wa pembeni."

"Chuo kizima kile, na jibu ni sijui."

Nilimwambia tuupake ubao dawa ya mchwa, tuupange kivulini, fito katikati ya mbao ili hewa ipite, tungoje ukauke polepole. Akauliza mpaka lini. Nikasema labda mwaka.

"Eda yangu si mwaka, mwanangu, na ikiisha natoka humu." Alishusha sauti. "Juzi mke wa shemeji yangu kaja humu na kamba, anapima dirisha kwa ajili ya pazia zake. Nami nimekaa papa hapa. Hata kikohozi hakunitolea."

Basi dawa haikununuliwa. Fundi alijaribu kukausha mbao chache kwa kuziegemeza ukutani juani, na kabla ya jioni zilikuwa zimepinda kama upinde. Hapo akapata wazo lake.

"Tunazipigilia mbichi," alisema. "Zikikauka msumari hauingii, unajikunja tu. Zikikaukia juu huku zimeshikwa, zitapindia wapi?"

Niliitafuta kasoro katika hoja ile nisiione upesi, na jambo hilo likaniudhi. Kisha nikapata kazi ya ualimu Bagamoyo nikaondoka.

Nilirudi eda ilipokwisha. Shangazi alikuja Mwananyamala mchana, na nyuma yake mkokoteni wenye kitanda, sanduku na masufuria. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliusindikiza. Shangazi alisema bismillahi, akaingia kwa mguu wa kulia, mie na fundi tukamfuata. Akasimama, anatazama chini.

"Nani kapepeta unga humu?"

Kwenye sakafu mpya kulikuwa na mistari ya unga laini wa rangi ya muhogo, mstari chini ya kila boriti. Juu pakalia mlio, msumari ukaanguka kando ya mguu wake. Tukatazama. Mbao zilikuwa zimejisokota, zimeyanyanyua mabati mpaka mwanga ukapenya, na kingo zake nyeupe zilikuwa zimejaa vitundu vya wadudu kama chujio. Nilipanda juu ya sanduku nikabonyeza boriti moja. Kidole gumba kikazama.

Nilikuwa nimelitilia shaka paa lile tangu mwanzo. Lakini shaka hukaa kichwani. Kidole kilipozama ndani ya kitu kinachobeba mabati juu ya kichwa cha shangazi yangu, nilikichomoa nikashuka upesi.

"Ile nyekundu ya katikati bado nzima," fundi alisema.

Shemeji mtu alisogea. Hakuwa mtu mbaya, alisema kwa upole: "Shemeji, turudi. Kile chumba cha uani kipo. Utakaa mpaka mambo yatengemae."

Shangazi alimgeukia fundi. "Kuta zangu je?"

"Kuta nzima, mama."

"Boriti za mikoko zinapatikana?"

"Zinapatikana."

"Makuti?"

"Hayo ndiyo tele."

"Basi ezua. Anza sasa." Akamwita mwenye mkokoteni. "Baba, shusha vyombo."

"Utalala bila paa?" shemeji yake aliuliza.

"Nitalala kwangu."

Nilimtazama nikidhani atacheka, au atalia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Nilipanda ngazi kumpokea fundi bati la kwanza, lilikuwa la moto hata nikalishikia kwa shati. Chini, shangazi alikuwa amekwisha kuazima ufagio kwa jirani, anausukuma ule unga nje ya mlango kabla kitanda hakijaingia.