Sauti ya Baba Katika Filamu ya Mjomba

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na mbele za watu maneno hunikwama, ndiyo maana naandika, tena polepole. Harufu ya petroli ya jenereta hunirudisha kwenye banda la video la Gongoni, hapa Tabora, nilipokuwa darasa la nne. Mjomba Shija, mdogo wake mama, alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti akitafsiri filamu za nje. Lugha zile hakuzijua hata moja. Alitunga tu, na watu walimpenda kuliko filamu zenyewe. Baadaye alipata kamera, akawa anapiga picha za harusi, na kiangazi kimoja akasema atatengeneza filamu yake mwenyewe, ya wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka kwetu hadi pwani.

Baba alilima tumbaku, naye alikuwa mtu wa maneno machache. Babu yake alikuwa mpagazi, na kuna jambo lililompata njiani ambalo baba alihadithiwa utotoni. Sisi hakutuambia, alisema bado wadogo. Mjomba alipomwomba aigize, alikubali kwa sharti moja: apewe nafasi aliseme jambo lile kwa Kinyamwezi, mara moja, libaki hata akifa. Walipiga picha nje ya mji, kwenye njia ya zamani ya misafara. Mimi nilikuwa shuleni, na mama alikuwa nyumbani na mtoto mchanga. Baba alirudi macho mekundu, hakula siku ile.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi mchana. Baba alivaa koti lake la kanisani, akakaa nasi benchi la mbele. Zamu yake ilipofika nilimwona kwenye kioo akitokwa machozi, midomo ikicheza, lakini sauti ilikuwa ya mjomba: "Nalia mimi, jamani. Mke wangu kanifungia ugali bila mboga, na pwani bado miezi mitatu." Banda zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, mpaka nilipogeuka nikamwona baba anaangalia mikono yake.

Nje alimwuliza mjomba maneno yake yako wapi.

"Shemeji, watu wamekuja kucheka," mjomba akasema. "Ukiwaliza, kesho nani atarudi?"

Filamu ile ilipendwa hadi Nzega na Igunga, ikampeleka mjomba Dar es Salaam. Sisi ikatuachia jina. Sokoni vijana walimwamkia baba, "Shikamoo Mzee Bila Mboga, pwani umefika?" Akaacha kwenda sokoni. Miaka ilipita, nikamwomba anisimulie mimi peke yangu.

"Nilishasema," akajibu. "Mkacheka."

Hakusema "wakacheka". Alifariki mwaka juzi bila kuongeza neno.

Leo mjomba ni mwongozaji mkubwa. Kwenye televisheni wakimwuliza habari za maisha yake, husema kazi yake tangu mwanzo ni kuwapa sauti watu wa kwao. Alipokuja msibani nilijikaza, nikampa shikamoo, nikamwomba kanda ya kwanza, ile yenye sauti ya baba.

"Niliifuta, mpwa wangu. Kanda ya kamera nilikuwa nayo moja, na Jumapili kulikuwa na harusi. Maneno yake siyakumbuki, siku ile nilishughulika na picha tu." Kisha akanishika bega. "Lakini baba yako alichekesha sana."

Nimebaki na picha. Huitazama kwenye simu nikiwa nimezima sauti, nikifuata midomo. Maneno mawili nadhani nayatambua, mengine yananipita. Walioigiza wapagazi pamoja naye walikuwa watu wa vijiji vya upande wa Nzega, na majina yao siyajui. Kama ulikuwa mmoja wao, ukasimama karibu na mtu mrefu aliyebeba pembe ya kuchonga kwa mti, tafadhali niandikie ulichosikia siku ile. Hata ukikumbuka nusu yake, niandikie.