Mtoto Mdogo wa Petar

Katika miaka ya hamsini nilikuwa dresa kwenye zahanati ya shamba la mkonge nje ya Voi. Kazi yangu ilikuwa kusafisha vidonda na kugawa kwinini. Siku moja aliletwa fundi wa mashine za kiwandani, mkono wake wa kushoto umechanwa na mkanda wa injini. Alikuwa Mzungu, lakini si kama wale wa ofisini. Alitoka Serbia, nchi ambayo sikuwahi kuisikia, na vita vilikuwa vimemtupa huku bila ndugu wa damu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, ila tulielewana.

Kwa zaidi ya mwezi alikuja kila asubuhi nimbadilishie bendeji. Kwenye kadi yake ofisi ilikuwa imeliandika jina vibaya, nikamwomba aliandike mwenyewe. Akaandika Petrović, akaweka kistari juu ya herufi ya mwisho, akaniambia hapo husomwa "ch". Nilipomuuliza maana yake, alisema Petar ndiye Petro wetu, Petrov ni "wa Petro", na kile kipande cha mwisho hufanya kitu kiwe kidogo. Yaani yeye ni mtoto mdogo wa Petro. Nilicheka, maana mlangoni kwangu alikuwa akiinama kuingia.

Nikamwambia sisi Wadawida, watu wa milima ya huku, hatuko mbali na hapo. Majina yetu mengi huanza na Mwa, mwana wa fulani. Nikataka kujua kama babake ndiye Petro. Akasema hapana. Zamani kwao mtu aliitwa kwa jina la babake, na jina likabadilika kila kizazi, mpaka serikali ikaamuru majina yasimame. La kwao lilisimama kwa Petar mmoja ambaye hakuna anayejua alikuwa nani. Kisha akaniuliza la kwangu ni la nani. Sikujua, na nikaona haya kidogo.

Mwisho wa mwezi nilipanda kwetu Wusi nikamkuta baba akipalilia maharagwe. Alinieleza kwamba babu wa babu yake alitoka Kasigau akiwa mtoto, wakati wa njaa, na wazazi wake walifia njiani. Mzee mmoja wa Wusi akamchukua akamlea na wanawe. Jina tunaloitwa ni la mzee huyo.

"Kwa hiyo si babu yetu," nikasema.

"Hakutuzaa," baba akajibu. "Alitulisha. Tungekuwa wa nani mwingine?"

Jumatatu nilimsimulia fundi huku nikimfunga mkono.  Naye akanieleza jambo ambalo hakuwahi kulitaja. Alikuwa na mke Mombasa, aliyekutana naye kwenye kambi ya wakimbizi, na mke huyo alikuwa na binti wa miaka minane ambaye babake aliuawa vitani. Shule ilitaka jina la ukoo la mtoto, na fomu ilikuwa imelala sandukuni mwake tangu Krismasi. Mkewe alitaka aandike Petrović. Yeye aliona huo ni uongo, kwa kuwa mtoto si wa Petar.

"Na wewe, bwana, unajuaje kwamba u wa Petar?" nikamuuliza.

Alitazama mkono wake. "Sijui," akasema. "Niliambiwa tu."

Fomu aliijaza wiki ile ile, akaipeleka posta mwenyewe.

Mkono ulipona, ingawa kidole kimoja hakikukunjika tena. Kabla hajahamia kazi nyingine Tanganyika, alimleta mkewe na msichana kwetu Wusi Jumapili moja. Majirani walisimama kando ya njia kuwatazama. Baba, ambaye habari zao zote nilikuwa nimempa, alimenya muwa kwa mkono wake, akamuuliza msichana anaitwa nani. Mtoto akataja majina yake yote mpaka la ukoo, Petrović, polepole, kama wanavyofundishwa shuleni. Baba alijaribu mara mbili kulirudia, likamshinda. Akamwita "mjukuu wangu", akamkatia kipande kingine.