Sheria ya Sitaha ya Chini

Miaka ya tisini, kina mama wa kanisa letu pale Homa Bay walipanga safari ya familia kwa feri hadi Sindo. Mimi nikapewa kazi ya kuwaangalia watoto. Mwenyekiti wao alipinga mbele ya wote. "Huyu hajazaa. Atawawezaje watoto wetu majini?"

Wenzake wakashikilia niende. Siku ya safari nikawakusanya watoto sitaha ya chini, kati ya magunia na kuku waliofungwa miguu, nikawapa sheria moja: hakuna anayeondoka hapa mpaka mama yake aje kumchukua akiruka kama chura, kutoka kwenye ngazi mpaka kwangu. Basi nani angetaka kuondoka? Waliimba huku macho yakiwa kwenye ngazi. Hata feri ilipojikokota kwenye magugu maji, hakuna aliyekimbilia ukingoni.

Sindo ilipoonekana, kina mama walishuka kutoka sitaha ya juu wakicheka, wakakaza leso, wakaruka. Mwenyekiti akasimama na mkoba wake. "Nipe mtoto wangu."

"Sheria ni ya watoto, mama," nikamjibu. "Muulize mwenyewe."

Mwanawe, bado mdogo wa chekechea, alikunja mikono. "Ruka, mama."

Akaruka. Mabaharia nao walipiga makofi.

Jioni, kabla feri haijang'oa nanga kurudi, mwenyekiti alishuka kwetu, akavua viatu, akaketi juu ya gunia katikati ya watoto.

"Mwalimu," akaniita, "sasa tunacheza nini?"