Mita ya Shingoni

Koordinateri wetu mpya, aliyeletwa Kamina kusimamia misaada ya walemavu, alianza kazi na mita ya fundi cherehani shingoni, na usidhani imewahi kuteremka pale. Kila asubuhi anasimama mlangoni mwa kituo ndani ya suti ya abakosti iliyopigwa pasi, anatuita "bantu yangu," kisha anatusalimia kwa ncha za vidole viwili, na vidole hivyo anavipangusa kwa kitambaa kabla hujamaliza kuitikia. Mikono yake inanukia sabuni tu. Mwenzetu Baba Kalombo alipoteleza topeni mbele yake, koordinateri akarudi nyuma hatua moja, akaokoa viatu. "Pole sana, baba," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma misa.

Jumatatu magongo yakafika kutoka kwa seremala, jozi ishirini, yananuka vanishi. Akachukua jozi moja, akaitia kwapani, akatembea uwanja mzima akitabasamu. "Inaenea! Iko parfait!" Na zote ishirini zilimwenea, maana kwa kuogopa kutugusa alikuwa amejipima mwenyewe, yeye aliye mrefu kama mlingoti wa bendera. Mama Bilonda, ambaye mguu wake ulikatwa na gari moshi, alijaribu yake akaning'inia kama nguo kwenye kamba. Akajiteremsha polepole, akamrudishia mkononi, mkono ule ule wa sabuni.

"Chunga hii, citoyen," akasema. "Siku muguu yako itakatika, itakuenea."