Chelezo cha Bwana Firimbi

Hadi leo nikisikia harufu ya lami, huziba pua. Wengine lami huwakumbusha barabara mpya. Mimi hunirudisha kwenye hori la bahari lililokuwa chini ya mtaa wetu wa Chaani, maji yamekupwa, tope la mikokoni linanuka kama yai viza, na juu ya tope hilo kuna mapipa matupu ya lami yaliyofungwa pamoja kwa kamba na vipande vya mbao. Hicho ndicho kilichoitwa chelezo. Aliyetuletea ni mwalimu wetu kijana wa Kizungu, ambaye tulimpa jina la Bwana Firimbi kwa sababu hakuweza kusema neno bila kupuliza kwanza. Watu husema marehemu husamehewa. Haya, na wamsamehe wao. Mimi bado.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya ukoloni, wazee wetu wakigombana barazani habari za Mwambao, kama pwani ibaki kwa Sultani au iingie Kenya, na sisi watoto tukaubeba ugomvi huo hadi shuleni. Nusu ya darasa letu tulikuwa watoto wa pwani. Nusu nyingine walitoka kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli na bandari, ambao baba zao walikuja kutoka bara. Tulipigana bombani, tulipigana njiani, tulipigana hata tukiwa hatujui tunapigania nini. Adui yangu hasa alikuwa Odhiambo, mvulana mrefu aliyezaliwa ukingoni mwa ziwa huko bara. Yeye aliniita mvivu mla halua. Mimi nilimwambia arudi kwao, hata kuamkia watu hajui. Siku moja Bwana Firimbi alitukuta tukirushiana mawe, akaamua kwamba dawa yetu ni michezo ya nje: kupanda kamba, kulala kambini, kuvuka maji. Kwao, alisema, ndivyo watoto wanavyofunzwa ushujaa na ushirikiano.

Sasa mimi nilikuwa na siri. Sikujua kuogelea. Haya, cheka! Mtoto wa Chaani, nyumba yao na maji ni hatua chache, na maji yakimfika kiunoni anatetemeka. Ami yangu alizama katika hori lile lile kabla sijazaliwa, na nyanya aliyenilea akaapa kuwa hakuna mjukuu wake atakayetia mguu humo. Kila jioni nikirudi nyumbani alinishika mkono, akaulamba karibu na kiwiko, aonje kama una chumvi ya bahari. Wenzangu wakienda kuoga, mimi nilisingizia chuo cha Kurani. Hakuna aliyejua, na nilikuwa radhi kuitwa mwizi kuliko ajue hata mmoja, seuze Odhiambo.

Jumamosi ile tulipangwa ufukweni. Kamba ndefu ilikuwa imefungwa kwenye mkoko upande wa pili, na ncha yake ya huku ilitakiwa ishikwe na mtu. Kapteni angesimama mbele ya chelezo, akivuta kamba ile, ili awavushe wenzake. Bwana Firimbi hakuuliza swali hata moja. Alininyooshea kidole, akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Wewe mtu ya pwani, wewe kapteni." Kisha akamgeukia Odhiambo. "Wewe mtu ya bara, kaa hapa, shika kamba. Hapana ondoka." Nilitazama maji, nikatazama macho ya watoto wa landhi yaliyokuwa yakinisubiri, nikaitika, "Ndiyo, bwana." Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi kilio changu kilikuwa kinakuja kwa mapipa ya lami.

Tulipofika katikati maji yalikuwa yanajaa kwa nguvu. Pipa moja la mbele likachomoka, chelezo kikainama, nikaingia mzima mzima. Sikupiga kelele. Watu hudhani anayezama hupiga kelele. Uongo! Maji yalinijaa kinywani, machungu, yana ladha ya tope na lami, na nilipoibuka kidogo nilisikia jambo ambalo sijalisahau: wenzangu walikuwa wakicheka. Walidhani nafanya mzaha. Mtoto wa pwani azame horini? Wakanipigia makofi, wallahi, wakanipigia makofi huku nakufa.

Odhiambo hakucheka. Yeye alikua ziwani, alikwisha kuona watu wakizama, na aliujua ukimya ule. Akaiachia kamba, akajitupa majini. Firimbi ikalia, kali, mara kwa mara, ya kumrudisha kwenye kituo chake, naye wala hakugeuka. Aliponifikia nilimkumbatia shingo nusura nimzamishe, akanitandika kofi la uso. "Tulia, mjinga wewe! Usinikabe!" Akanivuta kwa ukosi wa shati mpaka topeni.

Mnadhani mwalimu aliuliza kama nina uhai? Chelezo, baada ya kamba kuachiwa, kilikuwa kimekwenda kukwama mikokoni na wavulana wawili juu yake, wazima kabisa, na zoezi lake la kuvuka limeharibika. Hilo ndilo lililomuuma. Aliuliza nani aliyeacha kituo. Akachukua bakora, akamwamuru Odhiambo ainame. Asante ya punda ni mateke. Nami, maji yakinitoka puani, nikasimama. "Bwana, mimi sijui kuogelea. Angebaki pale, ningekufa." Nilisema kwa sauti, mbele ya darasa zima, watoto wa landhi na watoto wa kwetu. Mwalimu akatutazama, akafikiri kidogo, kisha akatuchapa sote wawili: yule kwa kuvunja amri, na mimi kwa udanganyifu. Jioni nyanya alilamba mkono wangu. Hakunigombeza. Alikaa chini sakafuni akalia.

Jumamosi iliyofuata mapipa yalikuwa yamefungwa upya. Firimbi ikalia. Odhiambo akakaa kitako mchangani, nami nikaenda kukaa kando yake, huku makalio yetu bado yana alama. Akaja mtoto wa landhi, akaja mtoto wa Chaani, mpaka darasa zima likawa chini. Mwalimu alipuliza, akatukana kwa Kiingereza, akachapa mpaka mkono ukamchoka, na hakuna aliyenyanyuka. Alitaka ushirikiano, akaupata. Chelezo kilioza palepale. Mimi na Odhiambo tuliendelea kuitana mvivu na mtu wa bara, lakini mawe yaliisha.

Juzi shule ya mjukuu wangu, Salim, iliwapeleka watoto ufukweni Likoni kwa michezo hiyo hiyo, nami nikaenda kutazama. Sikatai, mambo ni mazuri siku hizi: kofia ngumu, mashua ya mpira, jaketi za kuelea. Ila jaketi hazikutosha, na kijana aliyewasimamia, firimbi shingoni, aliwaambia wa pwani wawaachie waliotoka bara. Nikamfuata. Aliniamkia vizuri, shikamoo babu, nikaitikia. Nikamuuliza, "Mwanangu, umewauliza nani hajui kuogelea?" Akacheka kwa adabu. "Babu, hawa si watoto wa pwani?"

Nikampita, nikasimama mbele ya wale watoto, nikawauliza mimi mwenyewe. Wakatazamana kwanza. Kisha mkono mmoja ukainuka polepole, na mwenyewe akanitazama mimi, si mwalimu. Alikuwa Salim.