Dakika Moja ya Kimya kwa Namba Tisa

Japheth Owiti alikuwa amekwisha kufunga kamba za viatu refa alipoomba wote wasimame dakika moja kumkumbuka marehemu Zablon Okari, mshambuliaji hatari wa timu ya Masara. Uwanja wa Homa Bay ukanyamaza. Mshambuliaji aliyekuwa akiombolezewa pale alikuwa yeye mwenyewe.

Kabla hajafungua mdomo, kocha Jared alimfunika koti hadi kichwani.

"Radio imetangaza saa saba," alimnong'oneza. "Okari amefariki kwa ajali huko Thika. Leo huchezi. Na usionyeshe hiyo sura."

Chanzo cha yote kilikuwa kadi ya mchezaji. Mwaka 1992 Japheth alitoka kwenye mashimo ya dhahabu ya Masara akiwa na mguu wa kushoto uliowatia makipa homa, lakini usajili ulikuwa umefungwa. Zablon Okari, namba tisa wa timu, alikuwa amepata kazi ya kiwanda Thika na kuiacha kadi yake kwa kocha. Jared, mtu asiyekosa ujanja hata akiwa usingizini, alibandua picha ya Okari, akabandika ya Japheth. Alisema ni kwa msimu mmoja tu. Msimu mmoja ukazaa mitano. Kuanzia Migori hadi Homa Bay watu wakaimba "Okari! Okari!" kwa mabao arobaini na moja, na Japheth akazoea kugeuka akiitwa hivyo.

Siku hiyo ya mechi ya Homa Bay mteuzi wa timu ya mkoa alikuwa amekuja kutoka Kisumu kwa ajili yake. Japheth alikuwa ameapa kwamba akichaguliwa atakiri kila kitu, apewe kadi yenye jina lake, na mashimo asiyaone tena. Badala yake aliketi ndani ya koti akimsikia yule mteuzi akimwambia refa, "Kijana niliyemfuata ndiye huyo tuliyesimama kumkumbuka." Alitaka kupiga kelele. Akalivuta tu koti usoni.

Alhamisi klabu ilikwenda kumzika Okari nyumbani kwao, upande wa Isebania. Mteuzi naye alikuja, muungwana wa watu. Jared akasoma historia ya marehemu mbele ya jeneza, na bila haya akataja yale mabao yote arobaini na moja. Japheth alimkodolea macho. Hakuamini kwamba mtu angeweza kusoma vile bila sauti kutetemeka.

Ndipo Marcella, mama wa marehemu, aliposimama. Alikuwa mwanamke mkimya ambaye hakuwahi kukanyaga uwanjani.

"Nawashukuru," alisema. "Lakini niko na uchungu moja. Miaka tano majirani wananiambia, mtoto wako amefunga huko Migori, mtoto wako amefunga. Na mimi ananiandikia barua ati hapati ruhusa ya kutoka Thika. Alikuwa anakuja kucheza mpira kila Jumapili, halafu kwa mama yake hafiki. Nilimkosea nini?"

Jared alikuwa akikunja karatasi yake vipande vidogo vidogo. Katika miaka yote ile Japheth hakuwahi kuwaza kwamba kila bao lake lilikuwa likimuumiza mtu. Akamtazama mteuzi, akajua kwamba akisema atafungiwa kucheza, na timu ya mkoa ataisikia radioni. Kisha akasogea mbele, akavua kofia.

"Mama, Zablon hakuja hata siku moja," alisema. "Mwenye alikuwa anacheza ni mimi. Naitwa Japheth Owiti. Tulitumia kadi yake."

Watu wakaguna. Mteuzi akainua uso, akamtazama Japheth kuanzia kichwani hadi miguuni. Marcella hakumtazama mteuzi wala kocha. Alikaa chini taratibu, mkono juu ya jeneza.

"Basi zile barua zilikuwa za ukweli," akasema.